Mchango wa Mwaka wa Mvua



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, wazazi wenzetu, na hasa nyinyi akina mama mnaozishika nyumba zetu, juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya bima ya mifugo katika nchi ya Garissa na majirani zake, Wajir na Mandera. Huenda msomaji wetu wa Mombasa au Malindi akasema jambo hili halimhusu, kwa kuwa hana hata mbuzi mmoja. Twamwomba asubiri kidogo. Nyama iliyomo chunguni mwake yaweza kuwa imetoka soko la Garissa. Mvua zikikosekana kule, ng'ombe huteremshwa hadi nchi ya Mto Tana na Lamu kutafuta majani, na ugomvi wa malisho huja pamoja nao. Tena wengi wetu tuna mkwe, shemeji au mwanafunzi wa madrasa atokaye huko, na ukame ukizidi simu yake ndiyo ya kwanza kulia.

Maswali mawili hutufikia mara kwa mara. La kwanza: je, bima ya mifugo ni halali, au ni kamari iliyovishwa kanzu? La pili: familia ikitoa mchango wake, kisha mvua ikanyesha vizuri na kusiwe na fidia yoyote, pesa zile si zimepotea? Swali la kwanza ni la fiqhi. La pili limechunguzwa na wanauchumi waliokaa na wafugaji kwa miaka mingi, nao wamepata jibu ambalo twaona linafaa lifike kila nyumba.

Ukame unapoingia nyumbani

Kaskazini Mashariki huishi kwa misimu miwili ya mvua: Gu, kuanzia Machi hadi Mei, na Deyr, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ukikosekana msimu mmoja, watu huvumilia. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022 ilikosekana misimu mitano mfululizo, ukame ambao mfano wake haukuwa umeonekana kwa miaka 40. Katika Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa.

Hasara ya ukame haimo katika vifo peke yake. Majani yakiisha, kila nyumba hutaka kuuza wakati mmoja. Soko hujaa wanyama waliokonda, bei ikaanguka, na wakati huo huo bei ya unga na mchele ikapanda. Mfugaji huuza mali yake siku ambayo thamani yake ni ndogo kabisa, akanunua chakula siku ambayo ni ghali kabisa. Baada ya hapo huanza kupunguzwa milo, na sote twajua ni nani huanza kukosa: mama husema ameshiba kabla sahani haijamfikia. Maziwa ya ngamia, ambayo wanawake wa Garissa huyauza mjini kwa madumu, hukauka. Na yakikauka, hukauka pia pesa ndogo iliyokuwa mkononi mwa mama. Watoto hutolewa shuleni na chuoni. Katika nyumba nyingine msichana huozwa kabla ya wakati wake, ili mahari yasaidie na watu wa kulishwa wapungue.

Je, mvua ikirudi, familia hurudi kama ilivyokuwa? Watafiti waliowafuata wafugaji wa Kiborana kusini mwa Ethiopia, nao ni majirani wa Marsabit na Wajir, walilichunguza jambo hilo na kulichapisha mwaka 2004. Waliona kwamba kundi la familia likishuka chini ya kiasi fulani, yapata kati ya ng'ombe 10 na 15, aghalabu halipandi tena. Mwenye kundi kubwa aweza kuhama na kuifuata mvua iliko. Mwenye ng'ombe wachache hawezi kuhama nao, kwa sababu watoto na wazee wanaobaki nyumbani wanawahitaji kwa maziwa. Basi hukaa mahali pamoja, malisho yakaisha, na kundi likazidi kupungua.

Jambo hili sisi Waislamu twaweza kulipima kwa kipimo chetu. Sheria imeweka nisabu ya zaka kuwa ngamia 5, ng'ombe 30, na mbuzi au kondoo 40. Nyumba ngapi za Garissa zilikuwa zikitoa zaka ya wanyama kabla ya ukame ule, na ulipokwisha zikawa katika safu ya wanaostahiki kupokea? Kumzuia mtu asianguke kutoka safu ile hadi hii ni wepesi kuliko kumwinua akiwa ameshaanguka. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Bima hii ni ya namna gani

Mnamo Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliyoko Nairobi, pamoja na wanauchumi wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na wenzao, walianzisha Marsabit bima ya mifugo ya aina mpya. Aliyeiongoza kazi hiyo ni mwanauchumi Mkenya, Andrew Mude, ambaye mwaka 2016 alipewa tuzo ya Norman Borlaug kwa utafiti wa nyanjani.

Katika bima hii hakuna afisa anayekuja kuhesabu mizoga. Nchi ni pana na makundi huhama; gharama ya kumtuma mtu kila boma ingeumeza mchango wote. Kinachopimwa ni majani. Setilaiti hupiga picha za ardhi zinazoonyesha kiasi cha kijani kilichopo, na picha za msimu huu hulinganishwa na za miaka mingi iliyopita katika eneo lile lile. Kijani kikipungua chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, kila aliyetoa mchango katika eneo hilo hulipwa, kwa kadiri ya mifugo aliyoiandikisha. Ng'ombe mmoja huhesabiwa sawa na mbuzi au kondoo 10, na ngamia mmoja huhesabiwa kama ng'ombe mmoja na nusu kasoro kidogo.

Mwanzoni fidia ilikusudiwa kumsaidia mtu kununua mnyama badala ya aliyekufa. Baada ya miaka michache mkataba ulibadilishwa, fidia ikaanza kutolewa mapema zaidi, majani yanapoanza kukosekana, ili mwenye mifugo anunue chakula cha mifugo, maji na dawa, na mnyama asife. Badiliko hilo ni dogo kwenye karatasi, lakini kwa mama mwenye mbuzi wa maziwa ndiyo tofauti ya mtoto kunywa na kutokunywa.

Mwaka 2013 bima hii ilifika Wajir kwa sura ya takafuli, ikiendeshwa na kampuni ya Takaful Insurance of Africa kwa taratibu za sheria ya Kiislamu. Machi 2014 wafugaji wapatao 100 wa Wajir walipokea malipo yao ya kwanza. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake, ikianzia Turkana na Wajir, kisha ikaingiza Garissa, Mandera na kaunti nyingine kame. Katika mpango huo serikali iliilipia familia iliyochaguliwa mchango wa mifugo iliyo sawa na ng'ombe 5. Ukame ulipokuja, Februari 2017, ilitangazwa kwamba shilingi milioni 214 zingelipwa kwa familia zaidi ya 12,000. Hatimaye mwaka 2022 ukaja mpango mwingine unaogharimiwa na Benki ya Dunia, ambamo mfugaji mwenyewe hutoa sehemu ya mchango na sehemu nyingine husaidiwa. Kwa hiyo lile swali la pili limezidi kuwa zito. Zamani serikali ilitoa yote. Sasa baba na mama ndio wanaokaa jioni na kujadiliana kama watoe.

Halali au kamari?

Maulamaa hawakuikataza bima kwa sababu ni kitu kigeni. Waliitazama ndani. Katika bima ya biashara mtu hutoa pesa bila kujua atapata nini, atapata lini, wala kama atapata kabisa. Hiyo ni gharari. Kampuni hupata faida yake pale yeye anapokosa, na hilo lina harufu ya maysiri, yaani kamari. Tena pesa zilizokusanywa huwekwa mara nyingi mahali pa riba. Kwa sababu hizo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah Desemba 1985, lilikata shauri kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu haifai, na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya kutoa na kusaidiana. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Sudan ilikwisha kuanzisha kampuni ya kwanza ya bima ya Kiislamu.

Hiyo ndiyo takafuli. Anayeshiriki hanunui ahadi ya kampuni. Hutoa mchango wake kwa nia ya tabarrui, yaani kujitolea, katika mfuko ulio wa washiriki wote, akikubali kwamba atakayepatwa na msiba miongoni mwao asaidiwe kutoka humo. Kampuni ni wakala tu: husimamia mfuko na kuchukua ujira wake unaojulikana. Pesa huwekwa katika biashara za halali. Kikibaki kitu baada ya kulipa waliostahiki na gharama, ziada hiyo ni ya washiriki, hurudishwa kwao au huwekwa akiba kwa mwaka mgumu, kama mkataba utakavyosema.

Asili ya jambo hili si ngeni kwetu. Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari, ambao chakula kikiwapungukia safarini au mjini mwao walikusanya walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa chombo kimoja. Akina mama wa Garissa na Wajir wana hagbad yao, na nyinyi wa pwani mna upatu na vyama vyenu. Tofauti ni kwamba katika upatu kila mtu hupokea kwa zamu, na katika takafuli hupokea yule aliyefikiwa na shida. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Wapo wasemao kuwa kuweka bima ni kupungukiwa na tawakkuli. Wakumbuke habari ya yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, naye akaelekezwa amfunge kwanza kisha ategemee. Na Nabii Yusuf (A.S.) hakungoja miaka ya dhiki ifike ndipo atafute ghala, aliiweka akiba katika miaka ya neema.

Lipo jambo moja ambalo mwenye fiqhi hana budi kuliangalia katika bima hii ya majani. Kwa kuwa malipo hufuata picha ya setilaiti, si hesabu ya wanyama waliokufa, mtu asiye na mnyama hata mmoja angeweza kujiandikisha na kungojea ukame apate pesa. Huyo kwa hakika anacheza kamari na mvua ya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo twasema: mwenye kuingia na awe na mifugo kweli, na aandikishe kiasi alichonacho, asizidishe.

Pesa zilipokwenda wapi?

Sasa tuje kwenye swali la pili. Nyumba imetoa mchango, mvua ya Gu imenyesha, mbuzi wamenenepa, na hakuna fidia. Mume asema, "Zile pesa tungalinunulia sukari." Je, ana haki?

Ili kujua kama bima inamfaa mtu haitoshi kumlinganisha mwenye bima na asiye nayo. Huenda aliyeichukua alikuwa na uwezo zaidi tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo watafiti wa Marsabit na wa Borana waligawa kuponi za kupunguziwa bei kwa njia ya kura. Aliyebahatika kupata kuponi alielekea zaidi kujiunga, na kura haichagui tajiri wala maskini. Hivyo tofauti iliyoonekana baadaye waliweza kuinasibisha na bima yenyewe.

Wa kwanza tunaowataja ni Sarah Janzen na Michael Carter, waliochunguza familia za Marsabit wakati wa ukame wa mwaka 2011, fidia ilipolipwa Oktoba. Waliona kwamba familia zenye mali kiasi, zikiwa na bima, hazikulazimika kuuza wanyama kwa wingi kama zisizokuwa nayo. Familia maskini zaidi, ambazo kwa kawaida hushikilia wanyama wao wachache na kujinyima chakula, hazikupunguza milo kama wenzao. Kila mmoja aliokolewa pale alipokuwa anaumia.

Huo ni mwaka wa ukame. Na mwaka wa mvua je? Kibrom Tafere, Christopher Barrett na Erin Lentz waliwauliza wafugaji wa Borana waipime wenyewe hali ya maisha yao, wakachapisha walichokipata mwaka 2019. Walitaka kujua mambo mawili kwa pamoja. Je, mtu aliyetoa pesa asipate fidia hujuta? Na je, kule kuwa na kinga, hata isipotumika, humpa raha yoyote? Jibu lilikuwa kwamba yote mawili ni kweli. Majuto yapo, mtu ambaye muda wa bima yake umekwisha bila kulipwa huuona uchungu wa pesa zake. Lakini utulivu anaoupata wakati kinga yake ipo ni mkubwa kuliko majuto hayo. Ukizijumlisha pande zote mbili, aliyetoa mchango na asilipwe chochote bado amebaki na hali njema zaidi ya nafsi kuliko kama asingelitoa.

Basi yule mume ana haki ya kuuona uchungu, lakini hesabu yake haijatimia. Amehesabu shilingi zilizotoka, hakuhesabu usiku aliolala. Sisi tuliofundishwa kuomba kinga ya wasiwasi na huzuni pamoja na kinga ya deni, hatuna sababu ya kushangaa kwamba utulivu wa moyo ni riziki. Tena mwenye takafuli ana jibu zaidi ya hilo. Mchango wake aliutoa kwa nia ya kusaidia. Ikiwa mvua imenyesha kwake na ikakosekana kwa mwenzake upande wa pili, pesa zake zimekwenda kumnunulia mbuzi wa mwenzake majani. Kuna Mwislamu atakayejutia hilo?

Utafiti wa karibuni umetazama mbali zaidi. Watafiti waliwarudia wale wa kura ya mwanzo, Kenya na Ethiopia, baada ya miaka kama 10. Familia zilizovutwa na kuponi kujiunga zilikuwa na makundi yenye wanyama wakubwa zaidi kuliko wadogo, na watoto wao walikuwa wamesoma zaidi. Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yao, si fidia zilizopokewa. Ni maamuzi ambayo watu waliyafanya walipokuwa na uhakika kidogo wa kesho. Sisi tunaojua ni nani hupelekwa machungani na mbuzi asubuhi wenzake wakienda shule, habari hii twaielewa upesi. Mzazi asiye na hofu kubwa humwacha mtoto asome.

Mipaka yake

Itakuwa si uaminifu tukiisifu bima hii bila kutaja mipaka yake. Setilaiti hutazama eneo zima. Yawezekana mvua imeinyeshea sehemu kubwa ya eneo, ikakosekana penye kisima chenu. Mbuzi wenu wakafa na msilipwe. Yawezekana vilevile mkalipwa hali wanyama wenu ni wazima. Tena bima ya malisho hulinda na ukosefu wa majani tu. Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya ukame ule mrefu, mvua kubwa zilileta mafuriko Garissa na kaunti za jirani, na wanyama waliosalimika na kiu wakachukuliwa na maji. Hasara hiyo haimo katika mkataba huu, wala maradhi ya mifugo hayamo.

Na yule asiye na kundi kabisa, bima haina cha kumlindia. Huyo ni wa fungu jingine. Serikali ina mpango wa fedha za kujikimu katika nchi kame, ulioanza katika kaunti nne za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ambao huzipa familia maskini pesa kila baada ya miezi miwili. Na ukame ukizidi, familia nyingine zaidi huingizwa kwa muda. Watafiti waliolinganisha fedha hizo na bima waliona kwamba kila moja ina faida yake, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Kwa hiyo haifai kiongozi yeyote aseme, "Tumewaletea bima, sasa jitegemeeni." Katika mwaka wa 18 Hijria, mwaka uliojulikana kama mwaka wa Ramada, njaa ilipoishika Bara Arabu, Sayyidna Umar (R.A.) aliwaandikia magavana wake walete chakula, akajizuilia samli na nyama mpaka watu wapate, na yasimuliwa kuwa aliahirisha kukusanya zaka ya wanyama mpaka nchi ipone. Dhamana ya mtawala haiondoki kwa mchango wa raia.

Yafaayo kufanywa nyumbani

Kwa wale wenye mifugo, twausia mambo machache. Mke na mume na wakae pamoja kabla ya msimu wa kujiandikisha kwisha, wala wasingoje mpaka majani yakauke, kwani wakati huo mlango huwa umefungwa. Wakala anapofika, na aulizwe maswali manne, na ajibu kwa lugha ya nyumba ile, Kisomali au Kiswahili. Ujira wa kampuni ni kiasi gani? Ziada ya mfuko huenda wapi? Kijani kikifikia kiwango gani ndipo malipo hutolewa, na ni kwa miezi ipi? Na pesa zitatumwa kwa simu ya nani? Wakala asiyeweza kuyajibu haya hajastahiki mchango wenu, hata kama amefuga ndevu ndefu na kusema kampuni yake ni ya Kiislamu.

Dada zetu, mbuzi wako wa maziwa uliopewa na wazazi wako, au uliowanunua kwa jasho lako, ni mali yako. Sheria imekupa milki hiyo kabla ya mataifa mengi kuikubali. Ukiwatolea mchango, uandikwe kwa jina lako na malipo yaje kwa nambari yako. Si kwa kumshindana mume; ni kwa sababu mama mwenye shilingi mkononi wakati wa dhiki huanza na chakula cha watoto.

Ninyi wa pwani mnaotuma pesa kwa jamaa zenu kila ukame unapowafika, Mwenyezi Mungu awalipe. Tunawashauri mtume kidogo pia katika msimu wa mvua, ili jamaa yenu atoe mchango wake wakati bado ana kitu cha kulinda. Na mwenye zaka akitaka kumsaidia maskini mwenye mbuzi wachache, na ampe zaka yake mkononi iwe milki yake. Yeye mwenyewe ndiye wa kuamua kama sehemu yake ataitolea mchango au atanunulia unga.

Mwenye kutoa mchango wake na mvua ikanyesha, basi na amshukuru Mola wake mara mbili: kwa mvua aliyoipata, na kwa mkono aliounyoosha kwa mwenzake.

Ewe Mwenyezi Mungu, tuteremshie mvua yenye manufaa isiyo na madhara. Wahifadhi ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera, wao na watoto wao na mifugo yao. Wape viongozi wetu moyo wa kuwahurumia walio chini yao, na utujaalie sote kuwa ni wenye kusaidiana katika wema na uchamungu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.